Natoka MMA, nimepewa pambano la mieleka ya kulipwa: nibadilishe nini, na je, wiki sita zinatosha kurudi?

Mtama Mkali

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaozijua pande zote mbili.

Nina miaka minne kwenye MMA (mapigano yanayochanganya ngumi, mateke na mikamato), msingi wangu judo na jujitsu, uzito kilo 84. Nimepewa nafasi kwenye onyesho la mieleka ya kulipwa baada ya wiki kumi: dakika tisa, mmoja kwa mmoja, na nitakayeshindwa ni mimi. Wiki sita baada ya hapo nina pambano la MMA la raundi tatu za dakika tano.

Je, kuanguka nilikofundishwa kwenye judo kunatosha? Kabari na kufunga kiwiko nifanyeje vionekane vya kweli bila kumuumiza mwenzangu? Ngumi na mateke nishushe nguvu kiasi gani? Na hizo wiki sita? Naomba majibu ya vipimo. Kwamba matokeo hupangwa najua, tusipotezee muda hapo.

Turubai

Mkuu, anza na kuanguka. Hapo ndipo watu wa judo huponzeka kuliko hata asiyejua chochote, kwa sababu mwili wao umeshazoea njia nyingine.

Judo mara nyingi hukuangusha kwa ubavu, mkono mmoja ukipiga mkeka. Mieleka inataka mgongo: mabega yote mawili yafike chini kwa wakati mmoja. Ulingo wa mieleka si mkeka. Chini ni fremu ya chuma, juu yake mbao, halafu povu jembamba, halafu turubai. Ukiangukia ubavu, nyonga na kiwiko ndivyo vinavyokutana na mbao. Katikati ulingo unanesa kidogo, lakini karibu na nguzo ni mgumu, kwa hiyo panga maanguko yako yawe katikati.

Namna yenyewe ni hii. Kidevu kifuani, meno yameumana kwenye kinga, ulimi ndani. Mikono iwe wazi kama nyuzi 45 kutoka mwilini, viganja vikitazama chini. Magoti yamekunjwa, nyayo zote mbili zinagonga turubai pamoja na mgongo. Toa pumzi mgongo unapogusa, usisubiri pumzi itolewe na kishindo. Kisogo hakigusi kabisa. Anza ukiwa umechuchumaa, maanguko kumi. Yakikaa sawa, anza ukiwa umeinama nusu, kisha wima. Wiki mbili za kwanza usizidishe 20 kwa siku, siku tatu kwa wiki, na katikati kuwe na siku ya kupumzika. Sababu ni shingo: huchoka kabla hujaisikia, kidevu kinalegea, na kichwa ndicho kinacholipa. Kichwa kikigonga ukasikia kizunguzungu, siku hiyo imekwisha, na anayefuata kukuona ni daktari.

Halafu kuna makosa mawili ambayo mpiganaji wa MMA huja nayo. Kwanza, kurusha mkono nyuma kutafuta tegemeo. Kifundo au kiwiko kinavunjika hapo. Pili, kujigeuza hewani ili uangukie tumbo na kuinuka haraka. Kwenye MMA hiyo ni akili, kwenye mieleka ni hatari, maana anayekurusha amepima mzunguko wake kwa mtu atakayefika na mgongo. Ukigeuka unafika na bega au shingo. Ukishanyanyuliwa, tulia.

Kamba nazo zina kipimo. Toka upande mmoja hadi mwingine ni hatua tatu kubwa, geuka, kamba ya juu ikupate chini kidogo ya makwapa, na mkono wa kulia uishike. Usipoishika na ikalegea, unatoka nje. Michubuko ubavuni kwa wiki za mwanzo ni kawaida.

Kona Nyekundu

Mimi nasema asifanye yote mawili ndani ya wiki kumi na sita. Unachotaka kumfundisha, kukubali kwenda na mgongo, ndicho tunachotumia miaka kukiondoa kwenye MMA. Mtu akishajirudia mara mia tatu, akishikwa miguu mwili unajilaza wenyewe.

Na asije mtu na mfano wa Brock Lesnar, mwanamieleka aliyehamia MMA. Lesnar alikuwa bingwa wa mieleka ya vyuo Marekani, NCAA, mwaka 2000, kabla hajaingia WWE, kampuni ya mieleka ya kulipwa. Alichokipeleka UFC, kampuni kubwa ya MMA, ni mieleka ile ya vyuo, na ndicho kilichompa ubingwa mbele ya Randy Couture Novemba 2008. Hata hivyo pambano lake la kwanza UFC, mwaka huohuo, Frank Mir alimfunga goti katika sekunde ya 90. CM Punk, mwanamieleka wa kulipwa, alikuwa na miaka mingi ya ulingoni bila msingi huo, na mwaka 2016 Mickey Gall akampiga roba, yaani kabari ya shingo kutoka nyuma, ikaisha kwa dakika 2 na sekunde 14. Uzoefu wa onyesho hauvuki kwenda upande wa pili.

Fundi Kabari

Kona Nyekundu, mifano yako ni ya kweli, ila inahusu watu waliokuwa wakitoka mieleka. Huyu anatoka MMA, na msingi anao. Hoja yako ya mwili kujilaza naikubali, ratiba itaishughulikia. Nijibu la kabari.

Mkuu, huna mshiko mpya wa kujifunza, maana kabari zetu na zao ni ndugu wa tumbo moja. Karl Gotch aliwafundisha Wajapani mieleka ya kukamata na kufunga viungo, na miongoni mwa waliopita kwake ni Antonio Inoki na Satoru Sayama. Sayama, aliyekuwa Tiger Mask ulingoni, ndiye aliyeanzisha Shooto, mashindano ya mapigano ya kweli huko Japani. Masakatsu Funaki na Minoru Suzuki, wanamieleka wote wawili, walianzisha Pancrase, mashindano mengine ya aina hiyo, na onyesho la kwanza lilikuwa 21 Septemba 1993, wakati UFC ya kwanza ni 12 Novemba mwaka huohuo. Ken Shamrock alipigana kote kuwili. Ndiyo maana ule mshiko wa kupinda bega unaoitwa kimura unaujua wewe na anaujua mwenzako. Jina limetoka kwa mwanajudo Masahiko Kimura, aliyemshinda Hélio Gracie mwaka 1951, na naye pia aliingia mieleka ya kulipwa.

Kinachobadilika ni nguvu inakokwenda. Kufunga kiwiko: mapaja yabane bega kama kawaida, lakini makalio yabaki chini. Kiwiko hakivunjwi na mikono yako, kinavunjwa na nyonga zinazopanda. Basi usizipandishe. Mwenzako ashike mikono yake miwili, wewe vuta kutokea mabegani, misuli ya shingo ionekane. Watazamaji wanaona kazi, kiwiko hakioni kitu.

Roba: mfupa wa mkono wako ukae kwenye kidevu au chini kifuani, usikae kooni. Mkono wa nyuma ya kichwa ndio unaofanya roba iwe roba, kwa hiyo uweke ila usiusukume. Kosa la watu wa jujitsu ni kuficha uso wa mwenzao kwa kumkumbatia sana. Uso ule ndio unaoeleza kinachotokea. Uelekeze kwa watazamaji, kaa hapo sekunde tano hadi nane, ndipo mwendelee. Kwenye MMA mshiko ukikaa unatoroshwa, kwa hiyo mkono wako utataka kukimbilia mshiko mwingine. Uzuie.

Kupinda kisigino usikutumie kabisa. Kano za goti hukatika kabla maumivu hayajafika, kwa hiyo mwenzako hana namna ya kukuonya kwa wakati. Shika wayo na vidole, funga kifundo cha mguu, inatosha.

Kushika miguu yote miwili: kichwa kiwe nje ya ubavu wake, mikono nyuma ya magoti, na yeye ndiye anayeruka nyuma. Wewe unamsindikiza. Ukimkimbiza kama kwenye uzio wa MMA, anafika chini kabla kidevu chake hakijafika kifuani.

Mtama Mkali

Asanteni sana, wakuu. Je, nitajuaje kama anaumia kweli au anaonyesha tu? Na nimeambiwa kila kitu hufanyika upande wa kushoto, mbona kwenye judo mimi ni wa kulia?

Fundi Kabari

Kushoto ni desturi ya Marekani na Japani: unakaba kichwa kwa mkono wa kushoto, unafanyia kazi mkono na mguu wa kushoto wa mwenzako. Meksiko kwa jadi ni kulia. Desturi hii ipo ili watu wawili ambao hawajawahi kukutana wasigongane vichwa. Muulize mwenzako siku ya kwanza, halafu rudia kila mshiko kwa upande huo hata kama unaona uzito.

Kuhusu kuumia, kubalianeni alama kabla hamjapanda. Iliyozoeleka ni kubana kiganja: wewe unabana mara moja, naye anajibu. Asipojibu, mshiko unaachia papo hapo. Refa ndiye anayepeleka maneno kati yenu na walio nje, na akivuka mikono juu kwa alama ya X, jeraha ni la kweli na kila kitu kinasimama. Mwenzako akigonga bega lako taratibu mara mbili anataka ulegeze, usingoje agonge turubai.

Shoka la Paja

Nisaidie la mapigo, kwa sababu hapo watu wa MMA ndipo wanapowaumiza wenzao wakidhani wanapunguza.

Usipunguze nguvu tu, badilisha shabaha na kinachogusa. Badala ya ngumi, tumia sehemu nene ya mkono chini ya kiwiko, ifike juu ya kifua upande wa bega. Kofi la kifuani liwe la kiganja kilicho wazi, chini ya mfupa wa mtulinga, lisipande kooni. Teke lipige paja au misuli ya mgongo kwa sehemu bapa ya juu ya wayo, usitumie ncha ya ugoko. Kwenye MMA nyonga hugeuka hadi ivuke lengo. Hapa isimamishe inapofika kwenye lengo. Sauti inatoka kwenye ngozi kwa ngozi, haitoki kwenye uzito. Na ngumi za chini, ukiwa juu yake, pita pembeni ya kichwa na uweke mkono mwingine kati yako na uso wake.

Kanuni moja usiivunje: usimpige mtu asiyekuona au ambaye mikono yake ina kazi. Novemba 1987, kwenye mieleka ya Japani, Akira Maeda alimpiga teke la uso Riki Choshu wakati Choshu amemfunga miguu mtu mwingine. Mfupa unaozunguka jicho ukavunjika, Maeda akasimamishwa na mwishowe akafukuzwa. Choshu hakuwa na mkono wa kujikinga wala nafasi ya kugeuza shingo.

Na mkubaliane mwisho wa pambano kwa maneno yaliyo wazi, mbele ya mtu wa tatu. Mwaka 1954 Kimura huyohuyo aliyetajwa hapo juu alipanda ulingoni na mwanamieleka Rikidozan. Kimura alisema baadaye kwamba walikubaliana sare, na katikati Rikidozan akaanza kupiga kweli. Wewe una uwezo wa kuvunja mkono wa mtu aliyekupa mkono huo kwa hiari. Ukipigwa kofi zito kwa bahati mbaya, damu ya MMA itapanda. Kaba kichwa, pumua mara tatu, mwambie "taratibu", kisha endelea.

Turubai

Ratiba, kwa kuzingatia hofu ya Kona Nyekundu. Wiki ya 1 na 2 kuanguka na kamba tu. Ya 3 na 4 ongeza mishiko na mapigo. Ya 5 hadi ya 8 vipande vya pambano, dakika mbili mbili. Ya 9 pambano zima mara mbili. Ya 10 hakuna kuanguka siku tatu za mwisho. Muda wote huo baki na siku mbili za MMA, lakini za mikamato pekee. Usichanganye ngumi za kichwa na maanguko katika wiki moja, maana kichwa hakijui mtikisiko umetoka mchezo gani.

Kila siku ya MMA malizia na dakika kumi za kuzuia miguu isishikwe na kuinuka kwa kuupa ukuta mgongo. Hiyo ndiyo dawa ya mwili kujilaza. Baada ya onyesho: wiki ya kwanza hakuna kugusana, ya pili mazoezi ya mbinu, ya tatu hadi ya tano sparingi (mapambano ya mazoezi), ya sita kushusha mzigo. Ukipata hata dalili moja ya mtikisiko wa ubongo kwenye onyesho, ratiba hii inakufa. Kurudi ni kwa hatua sita, kila moja si chini ya saa 24, na kugusana ni mpaka daktari aruhusu.

Kwenye pambano lenyewe omba maanguko yasizidi sita, na usikubali lolote la kukushusha kwa kichwa. Usiruke kutoka nguzo. Lesnar, kwa nguvu zote zile, aliruka kwa mzunguko wa nyuma kwenye WrestleMania, onyesho kubwa la WWE, ya 2003, mbali mno na mpinzani wake Kurt Angle, mzunguko haukutimia, akatua kwa kichwa.

Kona Nyekundu

Kwa ratiba hiyo naondoa pingamizi, kwa masharti mawili. Asome mkataba wa MMA kabla ya kusaini wa mieleka, kwa sababu mingi inakataza mchezo mwingine bila ruhusa ya maandishi, na bima ya upande mmoja haifuati jeraha la upande wa pili. Pia kama yuko chini ya zuio la kitabibu la MMA, asipande ulingo wowote, hata wa mieleka.

Halafu pendekezo. Kwa kuwa anashindwa, aombe ashindwe kwa roba badala ya kurushwa. Anaokoa anguko kubwa la mwisho, na mtu wa MMA akigonga turubai kwa kabari hakuna atakayeshangaa.

Mtama Mkali

Hilo la roba nimelipenda sana, nitalipeleka kwao. La mwisho: wanataka nipande nikiwa mkavu, misuli ionekane. Nipunguze maji kama tunavyofanya siku ya mizani?

Turubai

Hapana kabisa. Kwenye MMA angalau una karibu siku nzima ya kurudisha maji kati ya mizani na pambano. Hapa utaanguka ukiwa mkavu, shingo imeishiwa nguvu dakika ya nne. Kunywa kama kawaida hadi saa moja kabla, na kama ni misuli, piga pushapu thelathini nyuma ya pazia.