Mjadala: Waliofungiwa nje ya Château Gaillard, damu yao iko mikononi mwa nani?

Ndugu zangu, tukizungumzia ngome za kale za Ulaya tunasifu kuta. Mimi leo naomba tuwajadili watu walioachwa nje ya kuta hizo.

Ngome ya Château Gaillard ilijengwa kati ya 1196 na 1198 na Mfalme Richard wa Kwanza wa Uingereza, juu ya jabali linalotazama mto Seine, Normandy, eneo la kaskazini mwa Ufaransa ya leo lililokuwa chini yake. Ilikuwa na nyua tatu, kila ua na ukuta wake, ili adui akiteka mmoja akute kazi bado ipo. Ukuta wa ndani kabisa ulijengwa kwa mibinuko ya nusu duara iliyopangwa bega kwa bega. Jiwe likirushwa liliteleza, na mpiga mishale aliyesimama juu hakukosa pembe ya kumwona aliye chini.

Mwaka 1203 Mfalme Philip wa Pili wa Ufaransa akaizingira. Wakazi wa mji ulio chini ya ngome wakakimbilia ngomeni, na kamanda wa ngome upande wa Uingereza, Roger de Lacy, akawapokea. Baadaye akapima chakula, akaanza kuwatoa kwa makundi. Makundi ya mwanzo Wafaransa waliyapisha. Philip aliposikia akakataza, maana alitaka midomo hiyo ibaki ndani imalize akiba. Kundi la mwisho likapokewa kwa mishale, na lilipogeuka likakuta lango limefungwa. Wakabaki katikati ya majeshi mawili, wakati wa baridi kali, wazee, wanawake na watoto. Philip alipokuja kuwaruhusu kupita, wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Wanaomtetea Lacy wanasema kamanda hulinda ngome kwanza, na kwamba alikuwa akisubiri jeshi la Mfalme John, mdogo wake Richard aliyemrithi. Hoja hiyo ina uzito, siikatai. Lakini jaribio la jeshi hilo kuwafikia walinzi wa ngome kwa mashua usiku lilikuwa limeshashindwa, na Desemba 1203 John akavuka bahari kurudi Uingereza.

Tena tazameni ngome ilivyoanguka. Wafaransa walichimba chini ya mnara wa mbele ukaporomoka. Ua wa pili waliuingia kwa dirisha. Ukuta wa ndani, ule wa mibinuko, nao ulichimbwa na wachimbaji waliojikinga chini ya daraja la mwamba ambalo wajenzi wenyewe waliliacha, kisha mitambo ya kurushia mawe ikaupasua. Tarehe 6 Machi 1204 Lacy alikuwa mateka. Mkate aliowanyima wale watu haukuziba hata ufa mmoja.

Kwangu Philip ana hatia, ila Lacy ana hatia zaidi. Adui hakuwaahidi kitu. Lacy aliwafungulia lango, na aliyemfungulia mkimbizi amepokea amana.

Anayemtetea anijibu hili: kundi la mwisho liliporudi likigonga, wakati amekwisha kuona kwamba mbele yao ni mishale, kulikuwa na sababu gani ya kutowafungulia?