Meno ya mtoto yakioza, mzazi ndiye wa kulaumiwa?

Mleta mada:
Wakuu, hili limenikaa moyoni miaka kadhaa, leo nalileta tulijadili. Binti yangu akiwa na miaka mitatu, meno yake manne ya mbele ya juu yalimomonyoka yakabaki visiki vya kahawia. Nilipompeleka kutibiwa, hata kabla hajapanua kinywa, nikaulizwa mbele ya watu: "Mama, kwako hakuna mswaki?"

Mswaki ulikuwepo, na nilikuwa nampigisha asubuhi na jioni. Nisichokijua ni kwamba dawa ya maji aliyokuwa anakunywa kila usiku kwa ajili ya kifua ilijaa sukari, nami nilimpa baada ya mswaki, akalala nayo. Usiku mate hupungua, na mate ndiyo yanayoosha tindikali mdomoni. Aliyeandika dawa hakuniambia, aliyenikabidhi naye hakuniambia.

Hoja yangu ni hii: jino lililotoboka si ushahidi wa uvivu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2022 ilisema watu wapatao bilioni 3.5 wana ugonjwa wa kinywa. Kati ya kila wagonjwa wanne, watatu wako katika nchi za kipato cha kati. Watoto wenye meno ya utoto yaliyooza walikadiriwa kuwa milioni 514. Wote hao wana wazazi wazembe? Na hata ndani ya nchi tajiri, mwenye kipato kidogo ndiye anayeoza meno zaidi. Serikali zianze na sukari: zitoze kodi vinywaji vitamu, zifikishe floraidi, madini yanayokinga meno yasioze, kwa kila mtu. Mzazi aache kusimangwa.

Baba wa watoto wanne:
Pole sana dada, hilo swali uliloulizwa halikuwa la kiungwana. Ila wajibu usitufutie. Mimi nimelelewa na mama peke yake, tulikuwa sita na hela ilikuwa ya kuokoteza. Kila usiku alitupanga mstari, anasimama mlangoni mpaka wa mwisho asukutue. Nina miaka 52 na sijang'oa jino hata moja. Ukimwambia mtu kosa ni la sukari na serikali, mswaki anautupa. Hiyo kodi nayo atailipa nani? Yule yule maskini unayemtetea.

Mtabibu wa meno:
Naomba niingie hapo, kwa sababu wote wawili mmeshika kipande. Bakteria walio kwenye ukoga wa meno hula sukari na kutoa tindikali. Tindikali hiyo hunyonya madini kwenye tabaka gumu la jino. Kisha mate huja kuipooza na kurudisha madini, kazi inayochukua kama nusu saa hivi. Kwa hiyo jambo kubwa ni mara ngapi kwa siku mdomo unaguswa na utamu, kuliko hata kiasi chenyewe. Mpe mtoto mmoja kinywaji kitamu akimalize pamoja na chakula, mwingine mpe kile kile akinyonye kidogo kidogo mchana kutwa. Huyu wa pili mate yake hayapati nafasi ya kufanya kazi.

Wazazi, fanyeni jambo moja leo usiku. Mlazeni mtoto kichwa kwenye mapaja, mwinueni mdomo wa juu kwa kidole, mwangalie pale jino linapokutana na fizi. Mkiona mstari mweupe usiong'aa, kama umechorwa kwa chaki, hapo kuoza kumeanza, na bado kunaweza kurudishwa nyuma. Ukishakuwa wa kahawia na umebonyea, mmechelewa. Nawapokea wengi katika hatua hiyo ya pili, na karibu wote wanalia kwa aibu kabla sijasema neno.

Baba, mswaki wa mama yako naamini ulisaidia. Lakini kinachokinga meno yasitoboke ni hasa floraidi iliyo kwenye dawa ya meno, na ndiyo maana dawa hiyo iliingizwa mwaka 2021 kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Chini ya miaka mitatu weka kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu hadi sita kiasi cha njegere. Mtoto ateme, asisukutue kwa maji mengi.

Jambo jingine. Miaka ya 1930 wakazi wa kisiwa cha Tristan da Cunha, kule Atlantiki ya kusini, walipimwa wakakutwa na meno mazuri ajabu. Baadaye meli zikaanza kuleta sukari na unga mweupe kwa wingi, na meno yakaharibika ndani ya kizazi kimoja. Watu walikuwa wale wale, tena wa koo zile zile chache. Kilichobadilika ni shehena.

Mchangiaji mwingine:
Kwenye floraidi twendeni taratibu. Yapo maeneo, India, China, Bonde la Ufa, ambako maji ya ardhini yana floraidi kupita kiasi tayari. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi mno, watoto huota meno yenye mabaka ya kahawia, na kwa viwango vikubwa hata mifupa huathirika. Marekani ndiko walikoanza kuitia kwenye maji, Grand Rapids, mwaka 1945. Lakini 2025 jimbo la Utah limepiga marufuku. Msiseme "kila mtu" kabla ya kupima maji.

Anayemlea mama mzee:
Mnazungumzia watoto tu. Mama yangu ana miaka 78, anameza vidonge vya presha na vingine viwili, na mdomo unamkauka hadi ulimi unanata. Fizi zimeshuka, mizizi ya meno iko nje, na huko ndiko yanakooza. Mikono inatetemeka, mswaki hawezi kuushika sawasawa. Yeye mnamweka kundi gani, la wazembe?

Mleta mada:
Asante mama, nilikusahau kabisa na sikupaswa. Kuhusu maji nakubali: yapimwe kwanza.

Kwenye kodi sirudi nyuma. Uingereza walianza mwaka 2018 kutoza kwa kiwango cha sukari kilichomo, na makampuni mengi yakapunguza sukari ili yasilipe. Mnunuzi akapata kinywaji chenye sukari pungufu bila kodi hiyo kumfikia. Watafiti wakaona watoto wanaolazwa kung'olewa meno yaliyooza wamepungua, hasa wale wadogo chini ya miaka mitano. Kwa hiyo, baba, inategemea kodi imepangwaje.

Na mama yako namheshimu. Lakini usiku alikuwepo nyumbani. Yuko mama anayeingia zamu saa moja jioni na kumwachia mtoto wa miaka tisa amlaze mdogo wake. Nani atasimama mlangoni?

Mwanangu wa pili naye alipata kifua kile kile. Safari hii nikamwuliza mwuza dawa kama ipo isiyo na sukari. Akanyoosha mkono akaishusha. Ilikuwa rafu ile ile, chupa ya pembeni yake.