Re: Miradi ya shule hapa Kisumu, ninunue au?

Habari za jioni ndugu zangu. Tumehamia Kisumu kutoka Mwanza, binti yetu ameingia Gredi ya 4. Mwalimu haishi kuagiza miradi: mara chungu cha udongo, mara kikapu. Wazazi wenzangu wananunua vilivyo tayari pale soko la Kibuye. Nami ninunue tu?

*

Karibu sana mdogo wangu, na pole kwa kuhama. Usinunue. Hata kikitoka kimepinda, kiwe cha mkono wake.

Mtaala wa umilisi, huku wanauita CBC, uliingia madarasa ya chini mwaka 2019 kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu) uliokuwapo tangu 1985. Mwalimu anampima mtoto akiwa kazini, hangoji mtihani wa mwisho tu. Sasa chungu cha dukani kitamwonyesha nini kuhusu binti yako?

Udongo waulize akina mama wauza vyungu, wanajua unakochimbwa. Binti auchambue vijiwe, aukande vizuri, achanganye mchanga laini kidogo. Kisha aviringishe mikanda mirefu, aipandishe mmoja juu ya mwingine akiziba viungo kwa kidole chenye maji. Kukausha ndiko kunakowashinda wengi: aweke kivulini. Juani upande wa nje hukauka na kusinyaa kabla ya ndani, chungu kikapasuka. Kikipasuka usimkimbilie na jibu, mwache ajiulize, atengeneze kingine. Hiyo ni sayansi kabisa, wala hakuna aliyemkaririsha.

Kikapu si tatizo. Mafundi wa hapa wanasuka hata kwa gugumaji la ziwani likishakauka. Mpeleke akaangalie mikono yao.

Ila la lugha lisikupite. Kule Mwanza alisoma kwa Kiswahili, huku Gredi ya 4 masomo ni kwa Kiingereza. Kabla hajapeleka kazi, akusimulie alivyofanya, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kiingereza. Mtoto mgeni akiwa na kitu alichokitengeneza mwenyewe, hanyamazi darasani. Nimeliona kwa wangu wote.

*

Shikamoo dada, umemaliza. Mimi naongeza tu Makumbusho ya Kisumu: kuna boma zima la Kiluo, watoto wanaingia na kutazama nyumba zilivyojengwa. Mpelekeni kabla hajaanza kufinyanga.

*

Marahaba. Mama mgeni, chungu kinatakiwa lini? Udongo ninao umebaki ndoo nzima, niko Milimani. Njooni Jumamosi asubuhi, na binti avae nguo za kuchafuka.