Tupeane uzoefu: Wazazi wanasubiri wajukuu, nasi tumeamua kutozaa

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Naomba tulioamua kwa hiari yetu kutokuwa na watoto tusimulie jinsi tulivyolifikisha jambo hili kwa wazazi. Natanguliza langu.

Mimi na mume wangu tunaishi Ngamiani, hapa Tanga, na tulikubaliana tangu uchumba kwamba hatutazaa. Kila mavyaa alipouliza habari ya mjukuu, mume wangu alijibu "inshallah", na kwa jibu hilo watu wote wakaniona mimi ndiye mgumba. Alhamisi moja mavyaa alikuja na kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akazisuuza kwa marashi mbele yangu na kunikabidhi ninywe. Nilikunywa, kwa kuwa maneno ya Mwenyezi Mungu hayakataliwi, ingawa sikuwa mgonjwa. Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba mama ni wake, hivyo aende yeye akamweleze ukweli. Alikwenda. Mama alilia sana, kisha akauliza ni nani atakayepewa jina la marehemu baba mkwe, na ni nani atakayemsomea yeye hitima, kisomo cha kumwombea marehemu. Kwangu hayo ni maswali ya haki, na mzazi anayeyauliza hastahili kuitwa mkorofi.

Mchangiaji wa Pangani: Kwetu suala halikuwa jina, lilikuwa shamba la minazi. Katika mirathi ya Kiislamu, mume akifa bila mtoto mjane hupata robo, ilhali akiwapo mtoto hupata thumuni (sehemu moja ya nane), na kwa kuwa sina ndugu wa kuzaliwa naye, mzee wangu aliona wazi kwamba nikilirithi kisha nikafa, sehemu kubwa ya shamba lake ingeishia kwa watoto wa kaka yake, ambao hawaelewani. Nilimweleza kwamba wasia unaruhusiwa hadi theluthi kwa wasio warithi, nami theluthi yangu nitaiusia madrasa ya kijijini. Hakufurahi, lakini tangu siku hiyo tunazungumza juu ya shamba badala ya kuzungumza juu ya tumbo la mke wangu, na hiyo ni nafuu kubwa kwake.

Mchangiaji wa Muheza: Mimi ni mwanamke, sijaolewa, na ni muuguzi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha wastani wa watoto 4.8 kwa kila mwanamke nchini, kwa hiyo mtaani kwetu asiye na hata mmoja huhesabiwa kuwa ana maradhi au amerogwa. Mama husema, "Nizalie tu, mwanangu, nitalea mwenyewe." Najua anasema kweli, kwani watoto wa kaka zangu amewalea, na hapo ndipo ninapokwama, maana sikatai kwa kukosa mlezi. Dada wa Ngamiani, mume wako alimjibu nini mama yake kuhusu hitima?