Vimkate vya mtindi bila hamira vinakakamaa vikipoa, naomba ushauri
Habari zenu wapendwa. Mwenzenu hamira sina subira nayo, kwa hiyo nimeanza kuchoma vimkate bapa vya mtindi, vile vinavyofanana na naan. Nachanganya unga wa ngano vikombe 2, mtindi kikombe 1, beking pauda vijiko vidogo 2 na chumvi kidogo. Nakanda, naacha dakika 15, nasukuma, nachoma kwenye chuma cha chapati bila mafuta.

Vikitoka motoni vimevimba, vina madoa mazuri, watoto wanagombania. Ngoja dakika 10 sasa! Vinakakamaa kama soli ya kiatu. Nimejaribu kuvifunika kwa kitambaa, afadhali kidogo tu.

Mtindi wangu ni mwepesi, donge linanata mikononi, nami naongeza unga mpaka liachie. Nahisi kosa liko hapo. Au ni moto wa mkaa kuwa mdogo, vinakauka kabla ya kuiva? Nichuje mtindi kwanza? Na kijiko cha mafuta kwenye unga kinasaidia? Waliofanikiwa nielekezeni jamani, Jumamosi wifi anakuja na nimeshajisifu.