Nikeli na chuma vyote vinanasa sumaku: Kanada inatenganishaje sarafu zake za zamani?

Kokoto:
Wakuu, Kanada inaondoa sarafu za zamani kwenye mzunguko, inauza nikeli yake na kuweka za chuma mahali pake. Sasa nikeli inanasa sumaku, chuma nacho kinanasa. Wanazichambuaje? Na faida iko wapi, ikiwa senti 25 lazima ilipwe senti 25?

Mhunzi wa Pwani:
Mkuu, sumaku inafanya nusu ya kazi tu. Inaondoa zisizonasa: sarafu za fedha (za mwisho ni za 1968), senti 5 za shaba na nikeli zilizoanza 1982, pamoja na za Marekani zilizochanganyika humo. Hapo unabaki na nikeli na chuma.

Senti 25 ya nikeli, 1968 hadi 2000, ina gramu 5.07. Ya chuma kilichopakwa tabaka za shaba na nikeli ina 4.40. Mashine hupitisha sarafu moja moja mbele ya koili (waya uliozungushwa) yenye umeme; kila metali huuathiri uga wa sumaku wa koili kwa namna yake, na sarafu isiyolingana inasukumwa pembeni. Kuhakiki, pima sarafu 1,000: za nikeli zikaribie kilo 5.07. Kila ya chuma iliyopenya inapunguza gramu 0.67. Ila zilizolika nazo hupungua, kwa hiyo mzigo mwepesi urudishwe kwenye mashine kwanza. Kwa macho, nyingi za chuma za 2001 hadi 2006 zina herufi P chini ya picha ya Malkia.

Mizani:
Kuhusu faida: chukulia nikeli ni dola 20,000 za Kanada kwa tani. Senti 25 ina nikeli ya kama senti 10. Wewe ukiyeyusha umepoteza 15. Serikali haipotezi, maana inapoipokea kwa 25 inatoa mpya kwa 25 ileile. Gharama yake ni kutengeneza ya chuma, usafiri na uchambuzi. Hizo zikizidi senti 10, kazi haina maana. Senti 5 za nikeli za 1955 hadi 1981 ndizo tamu zaidi: gramu 4.54, karibu senti 9 za metali. Lakini usijaribu mwenyewe, sheria ya sarafu ya Kanada inakataza kuyeyusha bila leseni.

Kokoto:
Asanteni sana. Na dola 2 yenye rangi mbili?

Mhunzi wa Pwani:
Za 1996 hadi 2011 zina pete ya nikeli na kiini chenye shaba 92%. Kiini kisukumwe nje kwa mashine ya kukandamiza kabla ya kuyeyusha, la sivyo unapata mchanganyiko ambao mnunuzi wa nikeli safi haupokei. Kisha ponda vipande vyote viwili. Mwaka 2011 waendesha mashtaka wa Frankfurt walichunguza sarafu za euro 1 na 2 zilizouzwa kama chakavu, ambazo zilishukiwa kuunganishwa upya China na kurudishwa kubadilishwa kwenye benki kuu ya Ujerumani. Pete na kiini vikitoka kiwandani vikiwa vizima, mlango huo unabaki wazi.