Bia ya 0.5, EtG imeonekana, nina siku 14. Aliyepitia anisaidie

Kutoka: Dereva wa Usiku

Wanajamii habari za leo, samahani kwa kuandika saa hizi. Ofisi ya leseni wamenitumia majibu ya sampuli ya nne na EtG imeonekana, yaani ile alama ya pombe kwenye mkojo. Wengi mnanijua, niko kwenye ule mpango wa leseni wa miezi 12 wa kupimwa kama nimekunywa, huu ni mwezi wa saba, na sijaonja pombe tangu siku ile niliyosimamisha gari kando ya barabara nikampa polisi funguo kwa mkono wangu mwenyewe. Nilichokunywa ni zile bia zilizoandikwa hazina kilevi, makopo sita hivi, Jumapili usiku naangalia mpira, Jumatatu saa mbili asubuhi simu ikaita njoo utoe mkojo. Sasa barua inasema nina siku 14 za kujieleza kwa maandishi, la sivyo mpango unafutwa na naanza moja. Swali langu ni hili tu, nikiandika ukweli kwamba ilikuwa bia ya asilimia 0.5 nitakuwa nimejiokoa au nimejifunga kamba mwenyewe? Na maelezo anapelekewa ofisa au maabara? Naomba aliyepitia anijibu, msinihubirie.

---

Kutoka: Baba Pacha

Pole sana kaka. Hii kitu ilinikuta miaka minne nyuma, nikaenda na barua ya daktari wakanielewa. Mimi walisema CDT imepanda kumbe ni ini langu tu lilikuwa na shida. Kwa hiyo nenda kwa daktari upate barua, usiogope hao, wanapenda kutisha watu wageni. Mimi wakati wangu nilizungushwa ofisi tatu, ya kwanza wakasema si kwetu, ya pili wakasema jaza fomu upya, ya tatu yule mama akaniangalia kama vile nimeiba, nikamwambia mama mimi nalipa kodi hapa.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu

Baba Pacha kwa heshima zote, unampoteza mwenzio. CDT na EtG ni vitu viwili tofauti kabisa. CDT ni ya damu na inapanda mtu akiwa amekunywa sana kwa wiki mbili tatu mfululizo, ndo maana ini likiwa na matatizo inaweza kudanganya. EtG ni ya mkojo, ni kitu kinachotengenezwa na ini lenyewe linaposhughulikia pombe, na inaonekana siku mbili hadi tatu baada ya kunywa, hata pombe yenyewe ikiwa imeshatoka mwilini zamani. Ini haliulizi pombe imetoka kwenye chupa ya mvinyo au kopo la 0.5, likipata pombe linatengeneza EtG basi. Mwaka 2010 watafiti wa Ujerumani waliwanywesha watu wanne lita mbili na nusu kila mmoja, bia "isiyo na kilevi" ya asilimia 0.4 na kidogo, na wote mkojo wao ukavuka ile 0.1 milligramu kwa lita inayotumika kwenye hizi programu. Makopo sita, mdogo wangu, ni karibu lita mbili. Wewe piga hesabu mwenyewe.

---

Kutoka: Fundi wa Lebo

Tatizo watu hawasomi kopo, wanasoma neno kubwa tu la mbele. Na hilo neno halina maana moja dunia nzima!! Ujerumani wanaruhusu kuandika haina kilevi mpaka 0.5. Marekani chini ya 0.5 unaandika haina kilevi, ila ukitaka ile lebo nyingine ya kusema hakuna pombe kabisa lazima iwe 0.0 kweli. Uingereza miaka yote mwongozo wao ulikuwa 0.05, ndo uandike bila pombe. Sasa mtu amezoea lebo ya nchi moja anahamia nyingine ananunua kopo lile lile anafikiri ni kitu kile kile. Dereva wewe ulinunua ya 0.0 au ya 0.5? Maana ulivyoandika "haina kilevi" haitoshi.

---

Kutoka: Dereva wa Usiku

Ya 0.5 nimesema kwenye kichwa cha habari.

---

Kutoka: Mama Jikoni

Mimi naona tunamwogopesha bure huyu kijana. Hiyo 0.5 ni nini jamani, hata mkate una pombe! Na mie nimepika kwa mvinyo miaka na mume wangu ameacha pombe muda mrefu, anakula vizuri, halewi, hatamani. Pombe ukishaipasha moto inaruka yote inabaki ladha tu, hiyo kila mpishi anajua.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu

> Pombe ukishaipasha moto inaruka yote

Mama Jikoni dada yangu hapana. Hairuki yote. Hao wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walishapima, wana jedwali lao. Ukitia mvinyo kwenye sosi ukachemsha robo saa inabaki asilimia 40. Nusu saa 35. Saa nzima bado 25. Mpaka uchemshe masaa mawili na nusu ndo unafika 5. Na ule mchezo wa kuwasha moto juu ya sufuria watu wapige makofi ndo mbaya kuliko, inabaki asilimia 75, moto unaonekana mkubwa lakini kazi hakuna. Ukiitia mwishoni sufuria imeshaipuliwa ndo usiseme, 85. Watu wanadhani kwa sababu pombe inachemka nyuzi 78 basi maji yakifika 100 yenyewe imeshaondoka, lakini ikishachanganyika na maji inang'ang'ania.

Kwenye mkate uko sahihi, hilo sikatai, kuna mikate laini ya baga iliyopimwa ikakutwa na zaidi ya gramu moja ya pombe kwa kila gramu 100, na juisi ya machungwa nayo ina kidogo. Ila nani anakula mikate ya baga kilo mbili Jumapili usiku.

---

Kutoka: Mama Jikoni

Sawa nesi, umesoma, hongera. Mume wangu bado hajalewa.

---

Kutoka: Mwaka wa Tisa

Nimesoma kimya tangu asubuhi nikasema nisiandike lakini nashindwa. Mimi nina miaka tisa soba. Kabla ya hii tisa nilikuwa na mitatu mizuri tu nikaipoteza, na niliipoteza kwa hizo hizo 0.5. Sikulewa nazo hata siku moja, kulewa sio shida yenyewe. Shida ni ule mlio wa kopo, povu, baridi ya glasi mkononi, harufu, na ile saa moja ya jioni ambayo nilikuwa nimeshaizoeza kukaa bila kitu mkononi nikairudishia kitu mkononi. Wiki ya kwanza mbili, wiki ya tatu sita, mwezi wa pili nikajikuta nazikasirikia, yaani nalikasirikia kopo kwamba halifanyi kazi, na mtu akifika hapo ya kwelikweli iko hatua mbili tu kwenye rafu ya pembeni. Arosto ilinirudia kama vile sikuwahi kuacha.

Baadaye nikaja kusoma Chuo Kikuu cha Indiana 2013 waliwachukua wanaume 49 wakawa wanawapulizia bia kidogo sana mdomoni, haiwezi kumlevya mtu, na ubongo ukamwaga dopamini kwa ile ladha tu, na kwa wale waliotoka familia zenye walevi ikazidi. Nikasema kumbe sikuwa mwehu. Baba yangu na babu yangu wote wawili pombe ndo iliyowazika.

Kwenye kikundi chetu wazee wanasema bia isiyo na kilevi ni ya watu wasio na ulevi. Zamani nilikuwa nacheka.

---

Kutoka: Zamu Mbili

Mwaka wa Tisa nakuheshimu sana ila usiwafanye watu wote wewe. Mimi hizo 0.0 (sio 0.5, ZERO NUKTA ZERO) ndo zimenivusha. Kazini kwetu kila Ijumaa ni chupa, na ukikaa na glasi ya maji watu saba wanakuuliza unaumwa, una mimba, umeokoka, umekuwaje. Nikishika kopo hakuna anayeuliza. Mimi nilikuwa mnywaji wa pombe kali, bia sikuwa na habari nayo, kwa hiyo ladha ya bia hainiamshi chochote. Ukiniwekea sosi yenye konyaki hapo ndo nakimbia, hata kwa harufu. Kila mtu ana mlango wake alioingilia.

---

Kutoka: Mwaka wa Tisa

> Kila mtu ana mlango wake alioingilia.

Sawa hapo umesema kweli. Ila mtu wa mwezi wa saba hajui bado mlango wake ni upi, anadhani anaujua.

---

Kutoka: Baba Pacha

Kwani si kuna ile dawa, ukinywa ukigusa pombe unatapika? Apewe hiyo aende nayo ofisini waone yuko siriasi.

---

Kutoka: Nesi Mstaafu

Disulfiram Baba Pacha, ya tangu miaka ya 1940 kule Denmark, na sio dawa ya kumwonyesha mtu ofisini. Anayeitumia ndo hasa asipikiwe na mvinyo, hata baadhi ya siki na dawa za kifua na manukato ya baada ya kunyoa anaambiwa ajihadhari. Nilimhudumia mmoja wodini, uso mwekundu, moyo unakimbia, anatapika mpaka anaomba mama yake, na yeye alikuwa amekula keki tu kwenye harusi, hakujua imelowekwa. Mtu amekuja kwako hanywi, mwambie umetia nini kwenye chakula. Hata kama hujui kwa nini hanywi. Mambo mengine yote tubishane lakini hilo tu.

---

Kutoka: Mama Jikoni

Hilo nakubali.

---

Kutoka: Niko Ng'ambo ya Pili

Dereva kama unaandika maelezo tafuta waraka wa SAMHSA, ile idara ya Marekani ya mambo ya uraibu na afya ya akili, walitoa 2006 wakaurudia 2012, wanasema EtG peke yake isitumike kumhukumu mtu maana hata sanitaiza na dawa ya kusukutua mdomo zinaweza kuleta majibu. Uombe pia PEth, hiyo ni ya damu na inaangalia wiki mbili hadi nne nyuma. Mtu ambaye kweli hanywi PEth yake inakuwa chini kabisa, itakusaidia kuonyesha hukurudia.

---

Kutoka: Fundi wa Lebo

Ng'ambo ya Pili sisi hatuko Marekani, huo waraka huku watakwambia peleka huko huko. Alafu yeye hakusukutua mdomo, alikunywa makopo sita, mnataka aandike uongo? Dereva fungua ile fomu uliyosaini siku ya kwanza, ukurasa wa nyuma maandishi madogo. Programu nyingi za hivi zinaandika moja kwa moja hakuna bia isiyo na kilevi, hakuna chakula chenye pombe. Kama imo basi hapo hatubishani tena kama 0.5 ni pombe au si pombe, tunabishana ulisaini nini.

---

Kutoka: Dereva wa Usiku

Nimeangalia. Imo. Mstari wa kumi na moja. Nilisaini sikusoma, nani anasoma.

---

Kutoka: Zamu Mbili

Uwii.

---

Kutoka: Mzee wa Barua

Wanangu shikamooni kwa wakubwa, wadogo marahaba. Nimefuatilia. Mimi pombe niliacha nikiwa bado nyumbani, sikupimwa mkojo hata siku moja. Kipimo kilikuwa mtaa. Ukipita saa kumi na mbili jioni ukaenda kushoto badala ya kulia, kesho yake shangazi ana habari, na mchungaji ana habari, na anayekuuzia sigara ana habari. Ilikuwa inaudhi sana, nikasema nikipata nafasi ya kuondoka nitaondoka nipumue. Nikaja huku nikapumua. Mwaka wa kwanza tu nikanywa tena kwa sababu hakuna aliyekuwa anaangalia, niligongewa mlango na mwenye nyumba akitaka kodi tu. Sasa Dereva ana kikombe cha plastiki na namba, ndo shangazi yake. Simlaumu kuchukia, lakini mimi ningeupata huo mstari wa kumi na moja mwaka ule labda ningeusoma.

Na kuhusu mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu, kamati imeshaamua vinywaji? Maana mwaka jana tuliahidiwa meza ya wasiokunywa tukaletewa hizo hizo za 0.5 na keki imelowekwa ramu.

---

Kutoka: Mweka Hazina

Mzee shikamoo. Suala la vinywaji halikuamuliwa na mweka hazina, naomba hilo lieleweke, liliamuliwa na kamati ya sherehe ambayo mwenyekiti wake anajijua. Mimi nililipa risiti.

---

Kutoka: Fundi wa Lebo

Mwenyekiti wa kamati ya sherehe ni mimi na risiti ilikuwa na bajeti mliyoikata NINYI katikati. Soda na juisi na maji vilikuwepo. Keki ililetwa na mwanachama kwa hisani, sikuionja.

---

Kutoka: Mama Jikoni

Keki ilikuwa yangu. Ramu ilikuwa vijiko vitatu.

---

Kutoka: Mwaka wa Tisa

Mama na wewe. Nilikula vipande viwili ile keki.

---

Kutoka: Mama Jikoni

Yesu wangu. Nisamehe mwanangu, sikujua kabisa. Nipigie.

---

Kutoka: Baba Pacha

Ndo maana mimi nasema uchaguzi ufanyike upya, hii kamati imekaa miaka mitatu.

---

Kutoka: Msimamizi

Wanachama tafadhali, mambo ya uchaguzi yafunguliwe mada yake. Na mkijibu msibebe barua zote za juu, simu za watu zinajaa.

---

Kutoka: Dereva wa Usiku

Jamani zimebaki siku 12. Maelezo anapelekewa ofisa au maabara?

---

Kutoka: Mweka Hazina

Kuhusu ada ya ukumbi, wanachama 19 bado hawajalipa. Majina nitayatuma Ijumaa.

---

Kutoka: Mwaka wa Tisa

Dereva nimekutumia namba yangu pembeni. Leo saa moja jioni niko nyumbani, njoo na hiyo barua na hiyo fomu tukae. Nina chai.